Siku Mbili Kisiba kwa Mgonjwa Mwenzangu

Nilifunga safari ya Kisiba kwa sababu nilitaka kumwona mtu mwingine mwenye ugonjwa wangu. Nilikuwa nimeharisha damu muda mrefu, ndipo vipimo vikaonyesha vidonda kwenye utumbo mpana. Daktari alisema mwili wangu wenyewe ndio unaoushambulia utumbo. Ugonjwa huu hauponi, hutulizwa kwa vidonge vya kila siku. Wakati huo kiwanda chetu cha chai kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wanapunguzwa, na msimamizi mpya alishaniuliza mara mbili kwa nini naiacha mashine ovyo. Nilimficha kwamba nakimbilia chooni. Muuguzi mmoja wa hospitali ya Igogwe akanitajia Mama Subilaga, aliyeishi na ugonjwa huo tangu ujana, naye alipopelekewa salamu akasema nije.

Jumamosi alfajiri niliondoka nyumbani mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, bila kula kitu, kama kawaida yangu nikisafiri. Pikapu iliyobeba marobota ya mitumba ilinifikisha Masoko. Kutoka hapo nikatembea, macho yakitafuta vyoo kabla ya kutazama migomba.

Saa nne nilimkuta Mama Subilaga akimenya ndizi barazani kwake, mama wa makamo mwenye mwili. Mimi nilitarajia mifupa mitupu.

“Choo kile pale,” alisema. “Sasa keti, mwanangu, tusalimiane.”

Mchana nilitoa daftari, nikamwuliza anakula nini.

“Ndizi na maziwa mgando havinisumbui. Maharage ndiyo yananitesa. Wewe je?”

“Mimi maziwa ndiyo yananiangusha.”

“Basi ukifuata chakula changu utaumia. Andika chako.”

Jioni alinipeleka kulitazama ziwa la hapo Kisiba. Maji yalikuwa yametulia chini ya kingo zenye miti. Akauliza, kama anayeulizia mvua, “Mkojo wako siku hizi una rangi gani?”

Niliona aibu. “Ya kawaida, mama.”

“Vile vidonge vya njano huugeuza kuwa rangi ya chungwa. Uliviacha lini?”

Hata mke wangu alikuwa hajui. Nikakiri kwamba ni miezi mitatu, tangu damu ilipokatika.

Hakunikaripia. Alisema naye aliwahi kuviacha, baada ya kumzaa mtoto wake wa tatu, akabebwa kwa machela hadi hospitali na kuongezwa damu. “Nilidhani nimepona,” alisema. “Kumbe dawa ndiyo ilikuwa imeushika ugonjwa.”

Jumapili kanisani alikaa karibu na mlango. Katikati ya mahubiri alitoka, akarudi, na hakuna aliyegeuza shingo. Tulipotoka nilimwuliza kama watu hawamsemi.

“Walisema nilipokuwa naficha. Nikawaambia, wakachoka.”

Nilimshukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga,” nikaanza kurudi.

Jumatatu nilipitia kwa daktari, akanianzishia dawa upya. Kisha nikaingia ofisini kwa msimamizi na kumweleza kila kitu, damu na choo, huku karani wake akisikia.

Akauliza, “Unaambukiza?”

“Hapana.”

“Ungesema mapema. Kesho nenda kwenye mizani ya majani mabichi, ni karibu na choo.”

Tangu hapo nimejifunza kwamba siku ninayojisikia mzima ndiyo siku dawa inafanya kazi, na kwamba chakula cha kunifaa naweza kukijua mimi tu, kwa kukichunguza. Jambo gumu zaidi lilikuwa kumwambia mtu. Lilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi moja.