Makande ya Bupe kwenye Ngoma ya Wajapani

Bupe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, jirani yangu hapa ughaibuni, mjini Laurel. Kazi yake ilikuwa kumtunza Bibi Tanabe, mjane wa Kijapani aliyekaa Rockville, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kutembea. Februari ya mwaka 1998 baba yake Bupe alifariki, naye hakuweza kwenda kumzika kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado. Kwao mzee akifa huchezewa ngoma. Bupe hakucheza, na tangu siku hiyo hakulia.

Julai Bibi alimwomba ampeleke Virginia, hekaluni kwao, kwenye ngoma ya marehemu. Bupe hana gari, akaniomba mimi. Alitoka amevaa nguo nyeusi, kanga kiunoni, na sufuria ya makande mkononi, maana msibani hakuendwi mikono mitupu.

"Wee, huko ni matanga ama ni ngoma?" Jerotich, Mkenya anayeishi naye, akamchokoza.

"Kwetu ni kitu kimoja."

Tulikuta taa za karatasi zimetundikwa juu ya uwanja, ngoma kubwa inapigwa jukwaani, watu wanacheza duara huku wakicheka, watoto wanakula barafu yenye sharubati. Bupe akasimama na sufuria yake.

"Kaka Phineas, turudi. Nimekuja kulia, wenzangu wanakula barafu."

Bibi akamvuta kanga, akamwuliza kwa Kiingereza chake kifupi amefiwa na nani. Bupe akamwambia.

"Basi huu ni mwaka wake wa kwanza. Leo wafu wetu wamekuja kututembelea. Wa mwaka wa kwanza lazima achezewe."

"Bibi, baba yangu hata Dar hakuwahi kufika. Hapa atapajuaje?"

Bibi akanyoosha kidole juu. "Unafikiri taa ni za nini?"

Bupe akasukuma kiti cha magurudumu cha Bibi hadi kwenye duara. Lakini ngoma ile ni ya mikono, na mikono yake ilikuwa imeshika kiti. Mimi si mtu wa kujitokeza mbele za watu. Nikaenda, nikakishika.

Bupe aliwaiga mzunguko mmoja, kisha miguu yake ikaanza kucheza ya Tukuyu. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Bibi, kitini, alikuwa akipunga mikono. Makande waliyamaliza wapiga ngoma.

Kesho yake Bupe alimpigia mama yake, kwenye simu ya misheni.

"Mama, baba nimemchezea."

"Na nani?"

"Na Wajapani."

"Walipika?"

"Nilipika mimi."

"Haya, mwanangu. Vizuri."