Kamene Ahamia Upande wa Jua

Kamene aliuza rangi na misumari katika duka moja la River Road, akiishi Kangemi, na kila siku ya mechi alipiga ngoma ya mashabiki wa Waiyaki Rovers. Ngoma ilikuwa yake. Alianza kuipiga timu ikiwa bado ligi ya chini, akiwa na mumewe Mutiso. Mutiso alipofariki, mashabiki walikodi basi hadi Makueni kumzika. Mwenyekiti wao Hemed, mwenye hoteli ya chai na mahamri hapo River Road, ndiye aliyetandaza bendera ya timu juu ya jeneza. Tangu siku hiyo Kamene aliwahesabu watu wale kuwa ndugu zake.

Msimu huu Rovers waliporomoka hadi karibu na mkia wa ligi kuu. Jumamosi moja, zikiwa zimebaki mechi chache, walifungwa mabao matatu kwa bila uwanjani kwao. Mashabiki wakajaa hotelini kwa Hemed na jezi zao, nyuso zimekunjamana.

"Obuya lazima aondoke," Hemed alisema. Obuya ndiye aliyekuwa kocha. "Jumatatu twende Upper Hill, ofisini kwa mwenye timu. Tukingoja zaidi tumeshuka daraja."

"Aondoke kwa nini?" Kamene aliuliza. "Januari waliuza mastraika wawili, hapa hakuna mtu aliongea. Sasa makosa ni ya kocha?"

"Na difensi pia waliiuza?" alidakia Shem, kinyozi wa ghorofa ya juu. "Hatujashinda tangu Februari. Mama, wewe huwa unaangalia mpira gani?"

"Huo huo mnaangalia. Kocha mpya atakuja na miguu mpya?"

"Atakuja na akili."

Sauti zikapanda. Mtu alipiga meza, chai ikamwagika. Kamene akasema Obuya ndiye aliyewapandisha ligi kuu, na kumfukuza sasa ni ujinga. Neno hilo liliwachoma. Shem akawageukia wenzake.

"Hii kutetea si ya bure," alisema. "Mjane ako na kocha wake."

Wakacheka hoteli nzima. Kamene alimtazama Hemed, akingoja amkemee. Hemed naye alikuwa anacheka, ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Kamene akainuka, akachukua ngoma yake pembeni, akatoka.

"Jumatatu tutaihitaji hiyo," Hemed aliita nyuma yake.

Jumatatu walikwenda Upper Hill wakipiga mitungi ya plastiki. Mchana habari zikafika kwenye kundi lao la wasapu: Obuya amefutwa kazi. Mtu akatuma picha ya jeneza lililoandikwa jina la kocha, wengine wakatuma vicheko. Kamene akajitoa kwenye kundi.

Siku mbili baadaye alipitia uwanja wa mazoezi, upande wa Loresho, ili ampe Obuya pole. Alimkuta akipakia mifuko garini. Obuya aliona skafu ya timu shingoni mwake kabla hajamwona uso.

"Hata huku mmenifuata?"

"Hapana, kocha, mimi nilikuja—"

"Nakujua. Wewe ndiye wa ngoma. Mmefurahi sasa?"

Akaubamiza mlango wa gari na kuondoka. Kamene alitembea hadi Kangemi akiwa na hasira, asijue amkasirikie nani zaidi.

Kocha mpya, Kibe, alimrudisha nahodha katikati ya difensi, na Rovers wakaacha kufungwa mabao ya kijinga. Wakashinda, wakashinda tena. Kamene alikuwa akitazama kutoka upande wa jua usio na paa, peke yake, bila ngoma. Aliona wazi kwamba Hemed alisema kweli, na kuliona jambo hilo kulimuudhi.

Mechi ya mwisho iliisha sare, na sare ilitosha kuwabakisha ligi kuu. Kamene alilia kwa furaha hadi skafu ikalowa. Kisha akamwona Hemed akivuka uwanja kuja kwake.

"Tumebaki, dada," Hemed alisema. "Yaishe. Msimu ujao rudi na ngoma yako."

"Siku ile ulicheka nini?"

"Aa, Kamene. Ni maneno ya mpira tu. Kila mtu alicheka."

"Sikuulizi kila mtu. Nakuuliza wewe. Wewe ulimzika Mutiso na sisi."

Hemed akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa wakimngoja. "Kuhusu kocha nilikosea?"

"Hukukosea."

"Basi wanuna nini?"

Kamene akaona kwamba kweli hajui, au hataki kujua. Akapanda ngazi kuelekea lango la nyuma.

Msimu mpya ulipofunguliwa, alirudi na ngoma yake upande ule ule wa jua. Kanini, muuza njugu wa uwanjani, aliketi naye, na baadaye wakaja wengine wachache waliochoka na mdomo wa Shem. Hemed na wenzake, kwenye jukwaa kuu, walikuwa wamenunua ngoma mbili. Walipoanza wimbo wao, Kamene alianzisha mwingine, akaupiga kwa nguvu zaidi.