Udongo Mweusi wa Uzio wa Ndani

Mimi ni mtu wa mahindi kutoka Kabuchai, na kwa mambo ya udongo sikubali kufundishwa. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, siku ya mbio za farasi.

Wakati huo nilikuwa nimebakisha ng'ombe mmoja tu wa mahari. Alikuwa zizini kwangu tayari, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na mke wangu alikuwa ameshawaambia kwao kwamba mwezi hautaisha kabla hajafika. Kaka yake alitunza farasi katika shamba moja nje ya Kitale. Yeye ndiye aliyenialika.

Farasi walikuwa watano. Nafasi za kuanzia zilipigiwa kura kwa vikaratasi ndani ya kofia: wa kwanza angesimama kando ya uzio wa ndani, wa tano huko nje kabisa. Kabla ya mbio shemeji alinitembeza uwanjani. Mvua ilikuwa imenyesha, na uwanja uliinamia ndani kidogo. Kando ya uzio nyasi zilikuwa nzito na udongo mweusi, laini, wa kushikana mkononi. Kule nje kulikuwa na changarawe ambayo hata mtama ungeikataa.

"Hapa ndipo," nikasema. "Njia ni fupi na udongo ni mzuri. Wa kwanza atashinda."

Shemeji alicheka. "Kwani farasi anapanda mahindi, bana? Hapo ndani ni tope, ataingia mpaka magoti. Mimi nachukua yule wa tano. Ati mtu wa udongo!"

Hilo la mwisho liliniwasha. Nikamwambia tuweke ng'ombe.

"Si huyo ni wa mahari?"

"Huyo huyo."

Alinitazama kidogo, kisha akasema na yeye ataweka ndume wake.

Farasi wangu aliongoza mpaka kona ya kwanza, akiwa ameubana uzio, nami nikapiga kelele za ushindi. Kwenye kona ule udongo niliousifu ukamshika miguu. Matope yalimrukia mpanda farasi mpaka kifuani. Wa tano alizunguka kwa mbali, juu ya changarawe, na mzunguko wa pili akawa peke yake mbele. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi hata la mdogo sikulisikia.

Shemeji alikuwa hajaoa, mifugo yake ilikaa kwa baba yake. Kwa hivyo nilimpeleka yule mtamba boma lile lile alikokuwa aende. Njiani nilijipa moyo kwamba ng'ombe ni ng'ombe, na kwa wakwe ameshafika. Baba mkwe alimzunguka, akampapasa mgongo, akamsifu.

"Huyu ameletwa na farasi," akasema. "Wako, mkwe wangu, tunamngoja."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kumaliza chai. Mwaka wa kwanza mahindi yalinikatalia, na wa pili pia, nikakosa pesa za kununua ng'ombe mwingine. Mke wangu hakunigombeza hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi. Siku moja alirudi kutoka kwao, akatua kikapu.

"Yule ng'ombe amezaa tena," akaniambia. "Wanakunywa maziwa yake, na bado wananiuliza utanioa lini."