Tulivyokwenda Kuchagua Mbwa kwa Bibi Kaur

Enzi zetu mbwa hakujua sabuni. Akitaka kuoga, mvua ilikuwepo, na mvua ya Trans-Nzoia haikuwa na utani. Hakulala ndani wala hakupanda kochi, na hata hilo kochi tuliliona kwa mwalimu mkuu tu. Alikula makoko ya ugali yaliyokwanguliwa kwa sufuria. Siku kuku amechinjwa alitupiwa mifupa ambayo sisi watoto tulikuwa tumeshaimaliza, kwa hiyo kwa kweli alipewa harufu. Na bado alikupenda. Vijana wa siku hizi wananunua kambwa kwa picha ya simu, kanaletwa na bodaboda ndani ya katoni, kamevaa sweta. Ati hakali ugali. Nilikaona kamoja juzi nikakaambia, "Wewe ungezaliwa Saboti ungejua hujui."

Sisi tulizaliwa Saboti, mimi na wadogo zangu wawili. Shule tulienda miguu mitupu kwenye umande, kila mtoto na kuni zake kwapani na maji kwa kijerikeni. Wale wa rika langu mnakumbuka maziwa ya pakiti ya pembetatu. Ulitoboa kona kwa jino ukanyonya mpaka pakiti ikajikunja. Halafu mtundu mmoja aliipuliza, akaiweka chini nyuma ya mwalimu na kuikanyaga, pwaa! Tulichapwa darasa zima, na tulicheka darasa zima. Jioni tulicheza kati kwa mpira wa makaratasi ya nailoni, au tukaruka bladda ya tyubu ya gari mpaka giza lilipoanza kuingia na Mama akaita, "Nasimiyu! Hizo miguu zitalala nje leo!"

Mbwa wetu aliitwa Popi. Mweusi, mwembamba, mwizi wa mayai. Na alikuwepo mbwa wa jirani, Bosco, wa rangi ya kahawia na sikio moja lililopinda kama limekunjwa na pasi. Huyo alijua saa ya makoko kuliko sisi wenyewe. Alipita chini ya ua akaketi kando ya Popi, na Mama hakumfukuza. Mwenye Bosco alikuwa Ndiwa, tuliyepakana naye mashamba. Naye alijua saa ya chakula. Kiti chake kwetu kilijulikana, hata sisi watoto hatukukikalia.

Hapa nitataja watu, na atakayekasirika akasirike. Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga maneno mabaya ya kufukuzana kikabila yalipoanza kutembea. Naibu wa chifu wetu, Makokha, alikuja siku ya Ijumaa na baiskeli akatuambia tulale bila wasiwasi, serikali iko. Yeye mwenyewe alikuwa ameshahamisha ng'ombe zake na mabati hadi Chwele. Jumapili, tumetoka kanisani tu, hata viatu vya Mama havijavuliwa, tukaona moshi kwa majirani wa chini. Halafu wale wachomaji wakaja kwetu. Mbele yao alikuwa Ndiwa, akinyoosha kidole: hii ni ya fulani, na hii ni ya fulani. Tulikimbia kupitia kwa mahindi. Popi aliuawa pale mlangoni, maana hakukubali kutoka. Baba alirudi kesho yake kuangalia ng'ombe, na hatukumwona tena.

Tulifika Bungoma kwa Wafula, ndugu mdogo wa Baba. Watu walimsifu kanisani kwamba amepokea familia ya ndugu yake. Alitupokea, ndiyo. Mabati saba tuliyookoa baadaye kwenye majivu yaliezekea jikoni kwake. Sisi tulikula baada ya watoto wake kushiba. Mama alilima shamba lake tangu jogoo, na wageni wakija, Wafula alipaza sauti, "Wakimbizi! Leteni maji ya kunawa!" Watoto wa ndugu yake huyo. Shule yangu iliishia hapo, darasa la tano, kwa sababu alisema msichana anayejua kusoma jina lake ametosha.

Kwa hiyo Mama aliposikia kuna mzee nje ya Kitale anatafuta watu wa kupalilia, na atawapa nyumba ya udongo ya kukaa, hakuuliza mara mbili. Kukhu, nyanya yetu aliyemzaa Baba na huyo Wafula, alifunga leso yake akasema anakuja na sisi. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amemshinda.

Nyumba ilikuwa nzuri, ila mlango ulikuwa gunia mbili zimeshonwa. Na Mama hakulala. Tangu Saboti hakuwa analala, lakini kwa Wafula angalau kulikuwa na komeo. Hapa alikaa kwa kizingiti na jembe kwa magoti mpaka asubuhi, kisha akaenda kupalilia macho yakiwa mekundu kama ya mlevi wa busaa. Siku moja alisinzia akiwa amesimama shambani, jembe likamkata mguu. Kukhu alipomfunga kidonda, Mama alisema polepole, "Nikipata mbwa wa kuaminika, tunabaki. Nisipopata mwezi huu, tunarudi kwa Wafula. Afadhali matusi."

Mimi nilianza kumwomba Mungu mbwa. Sikuomba hata nguo.

Sasa mjini alikuwepo Bibi Kaur, Mhindi wa Singasinga, mjane mwenye kiwanda cha mbao. Wakati wa yale machafuko mbwa wengi waliachwa, na wengine walifuata malori yaliyobeba vitu vya watu mpaka mjini. Wakafika kwake, kwa sababu alikuwa anawatupia chapati. Akitupia wawili, kesho walikuja wanne. Mwishowe uwanja wa mbao ulijaa mbwa, wateja wakaogopa kuingia. Basi akatangaza kwamba mwenye boma na tonge la ziada aje Jumamosi achague, na asije mtu wa kuwatesa.

Kukhu alitufundisha njia nzima. Kwanza, fungua mdomo: mbwa mkali ni yule aliye mweusi juu ya ulimi, kwa paa la mdomo. Pili, usichukue anayekuja kukupigia mkia. Tatu, na hili alilirudia mpaka tukachoka, mbwa hachukuliwi mikono mitupu. Lazima uache kitu kwa mwenyewe, hata kama ni chumvi, la sivyo huyo mbwa hajatoka kwao, atarudi. Mama alifunga miguu ya kuku wetu mwekundu, kuku pekee, akambeba.

Tulipoingia tu, mbwa mmoja alitoka nyuma ya magogo mbio, mkia unazunguka, akaniangukia miguuni. Niliona lile sikio. Alikuwa Bosco, lakini sikumwita jina, maana nilijua ni wa nani.

"Mwache huyo," Kukhu alisema. "Anayesalimia kila mtu atampikia mwizi chai."

Akaenda moja kwa moja kwa dume la kijivu lililokuwa linanguruma pembeni. Akalishika taya.

"Kukhu, utapoteza mkono!" Bibi Kaur akapiga kelele.

"Mkono ni wangu."

Mdomo ulikuwa mweusi kama chini ya sufuria. Kukhu alifurahi kama ameolewa. Tukamfunga kamba, na Mama akamtolea Bibi Kaur yule kuku. Bibi Kaur akarudi nyuma, mikono kifuani.

"Hapana, mama. Mimi sili nyama. Na wewe umetoka kwa moto, nitachukuaje kuku wako? Enda na mbwa, Mungu akubariki."

Mama aliona haya kumlazimisha mama mzima wa watu. Tukarudi na mbwa, na kuku pia. Njia nzima Kukhu alilalamika: "Mnamvuta bure tu. Huyu bado yuko kwao."

Hata hivyo alijaribu. Alikamata manyigu, akawachoma, akawasaga ndani ya ugali ili mbwa apate ukali. Alipata, lakini kwa watu wa ndani. Jirani alipita, hakubweka. Mgeni alikuja, akamnusa akalala. Ila Mama alipotoka mtoni na ndoo ya maji, alimzuia kuingia nyumbani kwake mwenyewe, meno nje, mpaka Kukhu akamtoa na mwiko. Siku ya tatu alitafuna kamba akaenda zake, kichwa juu, njia ya mjini.

"Si nilisema?" Kukhu akauliza.

Mama alianza kufunga sufuria kwa leso. Niliona zile sufuria nikaona jiko la Wafula, na foleni yetu ya kusubiri watoto wake washibe. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, Jumamosi moja tu tena."

Jumamosi hiyo mbwa walikuwa karibu kwisha. Yule wa kijivu alikuwa amerudi kweli, na jana yake mfanyabiashara wa ng'ombe wa Chwele akamchukua.

"Aliacha nini?" Kukhu akauliza.

"Hakuacha kitu," Bibi Kaur akasema.

"Basi mtengee chapati yake."

Walibaki mbwa mama mwenye watoto wachanga, mbwa mzee mmoja kipofu, na Bosco. Bosco alikuja akalala juu ya miguu yangu, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama, huyu ananijua," nikasema.

Mama akainama. Akaangalia sikio. Uso wake ukabadilika. "Huyu si wa Ndiwa?"

"Alikuja nyuma ya lori kutoka upande wa Saboti," Bibi Kaur akasema. "Shingoni alikuwa na kipande cha kamba. Aliikata mwenyewe."

Tulikuwa tumesikia kwamba wiki mbili baada yetu Ndiwa naye alikimbia, polisi walipoanza kumuuliza. Alikimbia na redio yake. Mbwa alimwacha amefungwa.

Mama aligeuka akaelekea getini. Kukhu akatema mate chini. "Nasimiyu, achana na hiyo kitu. Twende."

Hapo ndipo nilisema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu tangu ile siku hakuna aliyetaka kuzungumza habari zake. "Mama, siku ile Bosco alikuwa mlangoni na Popi. Ilikuwa saa ya makoko. Mimi niligeuka nikaona. Walibweka wote wawili. Ndiwa alimpiga teke akamwambia, 'Mjinga wewe, hujui kwenu?' na bado hakutoka mlangoni."

Mama alisimama mkono ukiwa juu ya geti. Msumeno wa kiwanda ulikuwa unalia, ukanyamaza, ukaanza tena. Halafu akarudi akachuchumaa mbele ya mbwa.

"Miaka mitatu umekula makoko yangu," alimwambia. "Mwenye wewe alikula kwa sahani, na kiti tukampa, akanisahau. Wewe tuone."

Kisha alimchukua yule kuku mwekundu tuliyekuja naye tena, akamweka juu ya rundo la mbao, miguu imefungwa. "Bibi, usimle. Mfuge atage. Lakini sitamtoa hapa tena."

Bibi Kaur alimtazama, akamtazama Kukhu, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa chake. "Haya, mama. Amebaki."

"Sasa huyu ametoka kwao," Kukhu akasema.

Tulifika nyumbani adhuhuri. Kukhu alizungumzia manyigu, Mama akamwambia, "Mwache hivyo alivyo." Tukala kunde na ugali, Bosco akapata makoko. Mama akatandaza gunia nje kando ya mlango. "Najinyoosha kidogo tu," alisema. Bosco akazunguka mara mbili, akalala karibu na ule mguu wenye kidonda.

Mwenye shamba alikuja kuuliza habari ya palizi. Bosco aliinuka akasimama katikati, kati ya mzee na Mama. Hakubweka. Alinguruma mara moja, kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Mzee akarudi nyuma na kofia mkononi. "Mwambieni nitapita kesho," alinong'ona. Kukhu alifukuza kuku wa jirani, akatufinya tusicheze karibu. Halafu tukasikia Mama anakoroma! Tuliziba midomo kwa mikono, tukacheka mpaka machozi. Hatukuwa tumesikia mkoromo huo tangu kwetu. Kivuli cha nyumba kilitoka kwa ukuta kikamfunika mzima, na bado alikuwa amelala.

Hatukurudi Bungoma. Bosco aliishi na sisi miaka tisa. Wafula bado yuko hai, tukikutana matangani ananisalimu kama baba mzazi, na jikoni kwake mabati yetu yameshika kutu. Makokha alizeeka na heshima zake. Ndiwa nasikia yuko Kapsokwony, ana wajukuu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusema pole, na mimi sijaacha kungoja.

Siku hizi ukipita mitaa ya Kitale utaona kuta ndefu zenye chupa zilizovunjwa juu, nyaya za umeme, askari getini, na kamera inayokuangalia kama umekosa. Mle ndani watu wanakula vidonge wapate kusinzia. Nikiwaona nawahurumia. Sisi tulikuwa na mlango wa gunia. Lakini nilimwona mama yangu mchana kweupe, amelala chini mdomo wazi, nzi anatembea juu ya shavu lake na hashtuki. Usingizi wa namna hiyo sijauona tena kwa mtu mzima.