Mteremko Nilioupaka Rangi

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa bwana shamba, Mzungu aliyetaka kila kitu kiishe jana. Maskwota, wakulima wa ardhi isiyo yao, waliolima mteremko wa juu ya Lanet, mama yangu akiwa mmoja wao, walitakiwa kuhamia mteremko mwingine kabla ya mvua, kila mmoja achague kipande chake. Ramani hawangeielewa, alisema bwana shamba. Basi akafinyanga mteremko huo mpya kwa udongo juu ya meza, akanipa brashi. Kijani, mahali pa kulima. Nyekundu, mahali panapomomonyoka, pasipofaa hata kidogo. Nilipaka vizuri hasa, acha nijisifu.

Asubuhi watu wakaitwa, kila mtu na punje yake ya mahindi, aiweke anapotaka kulima. Bwana shamba alinikataza kueleza kitu, eti rangi zinajisema zenyewe. Na mimi, mjinga, nikanyamaza. Mama akatangulia, akaweka punje yake katikati ya nyekundu. Waliomfuata wote wakafanya hivyo hivyo. Kwenye kijani hapakuwa na punje hata moja.

Nikamvuta mama kando nikamuuliza kama amerogwa.

"Udongo mwekundu ndio unaozaa viazi," akasema. "Kijani ni msitu wa serikali. Unataka nishikwe?"

Jamani, nililelewa kwa viazi vya udongo huo, na wazo hilo halikunijia kamwe. Nikamweleza bwana shamba, akakubali shingo upande. Mchana nikapaka upya, pazuri nyekundu, pabaya rangi ya jivu. Watu wakarudi, wakaweka punje zao upesi, nami nikawaandika.

Mama aliizunguka meza mara mbili.

"Asubuhi nyekundu ilikuwa huku. Saa hii iko kule. Mlima umetembea?"

Nikamwapia kwamba sasa ni sawa.

"Hata asubuhi ni wewe uliyepaka," akasema.

Sikuamini masikio yangu. Nilimsihi mbele za watu, machozi yakinilenga, mtu mzima na suruali yangu ndefu ya ofisi. Alikataa katakata kuweka punje yake. Bwana shamba akafunga kitabu, akasema asiyechagua hana kipande.

Mvua ziliponyesha, majirani wote walipanda. Mama alikwenda kuwapalilia kwa kibarua.