Gari la Umeme na Chupa ya Maji

Juzi nilikuwa garajini hapa Kamina nikingoja zamu yangu nyuma ya gari la umeme, la kwanza kuliona mjini kwetu. Mwenyewe, muuza vitambaa, alilalamika kwamba linalia mbele kila likipita shimo.

"Papa, motokari yote ya Kamina iko inalia," fundi akamjibu. "Weye unasikia juu motokari yako haina motere ya kufunika sauti."

Tulicheka, mimi zaidi, kwa kuwa langu ni la mazuti, dizeli yenye kunguruma.

Fundi akalala chini na chupa ya maji. Akamwagia kiungo kimoja kimoja cha magurudumu, huku sisi wawili tukibonyeza boneti ili gari lilie. Alipofikia cha kushoto, chenye mpira uliochanika, kilio kikakatika.

"Imepona!" Mkono wa mwenye gari ulikuwa tayari mlangoni. "Nitakuwa namwanga mayi kila asubui."

Fundi akainuka, akauzuia mlango. "Hapana, Papa. Mayi inaonyesha tu fasi ya bugonjwa. Siku ingine gurudumu itatoka, weye na batoto muko ndani."

Yule bwana akamtazama, akamwachia ufunguo, akapanda pikipiki ya abiria.

Zamu yangu ilipofika nilisema nataka kubadilisha oili tu. Lakini nilizima motere, nikabonyeza boneti. Gari likalia kuliko la mwenzangu. Miaka yote niliamini ni zima, kumbe lilikuwa na kelele tu.

 Fundi aliinama, akaokota ile chupa.