Tunda Lililoletwa Getini

Siku ile tulikuwa nyumbani kwa ndugu yangu, Milimani, Kisumu. Alikuwepo yeye mwenyewe, wakili aliyejulikana mji mzima, mke wake, kaka yetu mkubwa aliyetoka Kombewa, na mimi dada yao, niliyeishi pale tangu mume wangu afariki. Majina ninayo yote, hata la mbwa, lakini nayaacha, maana wengine bado wako hai. Asiyekuwepo ndiye tuliyekuwa tunamngoja: kijana wa nyumba, mtoto wa ndugu yangu, aliyekuwa amemaliza shule anasubiri chuo kikuu.

Ilikuwa miaka ya themanini. Kijana yule hakukosa kitu, na wenzake wa Milimani vivyo hivyo. Baba wa mmoja alikuwa hata na boti ya injini, ya starehe tu. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hivyo alikuwa akinisomea kitabu chake cha Kiingereza nikichagua mchele wa Ahero, ananigeuzia kwa Kiswahili na Kijaluo. Kilisimulia vijana wa matajiri, Wazungu, baada ya vita. Kaka zao wamekufa vitani, wao wamebaki na magari na dansi, na hawajui wafanye nini na uhai. Kaka wa mmoja alipotea hukohuko, mama yake bado anamwekea sahani mezani.

Nikauliza, "Sasa walizika nini?"

"Hawakuzika kitu, Waya," akasema, maana sisi Wajaluo shangazi tunamwita hivyo. "Wazungu hawana yago."

Yago ni lile tunda refu, zito kama mchi. Mtu wetu akipotea na mwili usipatikane, tunazika yago mahali pake. Ndugu wa baba yangu alienda vita vya Wazungu huko Burma, na kaburini kwake, nyumbani kwetu Seme, limelala tunda. Nikamweleza.

"Na akirudi je, Waya? Akute amekuwa tunda?"

"Likishavuka geti kwa jina lake, hata kabla ya kuzikwa, akija na miguu yake hana boma tena. Huyo ni maiti."

Akacheka. "Basi mimi nikipotea msinipande. Ningojeni."

Nikamwambia anyamaze, asiseme hivyo mbele ya chakula.

Haukupita muda akaenda ziwani na wenzake wawili kwa ile boti. Upepo ukawakuta. Wavuvi wa Dunga wakawaokota wale wawili, wameshikilia boti iliyopinduka. Yeye hakuonekana. Wavuvi walitafuta siku baada ya siku, mpaka wakawa wanarudi bila kututazama usoni. Ndipo kaka mkubwa akafika na gunia begani. Nilijua kilichomo kwa jinsi lilivyoning'inia.

Nikakimbia, nikalishika geti kwa ndani.

"Fungua, dada. Mtoto hana pa kulala. Alale kwa baba yake usiku mmoja, kesho tumzike nyumbani Seme."

"Umejuaje kama amekufa?"

"Unataka aje atusumbue ndotoni, atudai nyumba?"

"Aliniambia nimngoje!"

Ndugu yangu, aliyezoea kubishana mbele ya majaji, alilitazama gunia tu. Akasema polepole, "Mfungulie." Mke wake, nyuma yetu, akapiga yowe. Nikazidi kulikaza geti. Niliogopa kumzika akiwa hai, na niliogopa kumnyima kaburi. Sikufungua.

Kaka akatua gunia, akakaa juu ya jiwe, yeye nje, mimi ndani. Jua likawa kali. Ndipo akatokea mvuvi anasukuma baiskeli, na juu yake mtu wa midomo iliyobabuka. Mashua ya mbali ilimwokota, akaugulia kisiwani.

"Waya," akasema, "mbona umenifungia geti?"

Nilitazama kwanza kama ana kivuli. Kaka yetu naye alisimama haraka mbele ya gunia, akatandaza kanzu yake, kijana asilione. Baadaye alienda nalo peke yake. Mahali alipolitupa hakutuambia.

Kijana akataka tumalize kile kitabu. Nilikataa, ile sahani sikuiweza.

Leo ana mvi. Akichelewa kupiga simu, naipiga mimi. Mama yake, mpaka anafariki, alisema kaka alishaliingiza gunia ndani ya geti nami ndiye niliyelisukuma nje. Mimi nakumbuka halikuvuka. Kama kuna jirani aliyeona vingine, anisahihishe. Lakini aniambie mimi. Asimwambie yule kijana.